Ngoma Hailali Nje

Nilibishana na Naima kwa ajili ya jiko la mkaa, na nilimshinda. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akaanza kunionea huruma kabla hajajua anamhurumia nani. Mdomo wangu unajulikana Msanzi nzima. Marehemu mama alikuwa akisema Albina anaweza kugombana na kivuli chake mpaka kivuli kiombe radhi. Watu walicheka, nami nikadhani nasifiwa.

Tamasha lilikuwa la siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, mwezi wa saba, kwenye uwanda wa nyasi nje kidogo ya Matai. Vilialikwa vikundi vinane vya ngoma kutoka Ufipa yote, na kila kikundi kilitakiwa kulala hapo hapo kwenye mahema, kwa sababu waandaaji walitaka wageni wa mjini waone ngoma, wale ugali wa ulezi, na jioni waote moto pamoja na sisi. Kikundi ambacho kingeshinda Jumapili kingekwenda Dodoma kupiga mbele ya watu wa nchi nzima. Sisi ni wakulima wa mahindi na ulezi. Safari ndefu tuliyokuwa tumewahi kuifanya pamoja ni kwenda Sumbawanga kumpokea askofu. Hiyo Dodoma tuliiota usiku na mchana.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi na mwimbishaji. Mdogo wangu Modesti alipiga ngoma kubwa. Mama alifariki Modesti akiwa na miaka saba, nikamlea mimi, na hata alipooa na kupata watoto wanne bado nilimwambia avae koti. Alikuwa mtu mkimya. Mungu alipogawa maneno nyumbani kwetu, mimi nilichukua na fungu lake. Ngoma ndogo ilipigwa na Kornel, mtoto wa marehemu kaka yetu, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye bodaboda. Kornel alikuwa na mikono myepesi, na miguu myepesi zaidi: ukimtafuta hapa, yuko kule.

Kwetu ngoma hailali nje. Baridi ya mwezi wa saba huku juu inauma mpaka kwenye meno, na umande wake ukiingia kwenye ngozi, ngoma inalegea na kupoteza sauti. Kwa hiyo nyumbani ngoma zetu zililala jikoni kwangu, zimening'inizwa juu ya mafiga, zinakula moshi mwaka mzima. Tukisafiri, Modesti alilala nazo. Hilo nalo ni desturi ya kwetu, kwa sababu kuna vikundi vilivyowahi kuamka asubuhi ya mashindano na kukuta ngozi imetobolewa kwa sindano.

Tulipofika Ijumaa tulipokewa na Naima, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Sumbawanga mjini wanaokodisha mahema na viti kwa ajili ya harusi. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa kambi. Alikuwa na umri kama wa miaka thelathini, amejifunga mtandio, daftari mkononi.

"Shikamoo mama. Karibuni. Mahema yenu ni yale matatu ya mwisho, la kina mama, la kina baba, na lile dogo la vyombo. Ila nawaomba sana, moto usiingie ndani ya hema. Moto ni ule wa pamoja, pale katikati."

"Marahaba. Na ngoma je?"

"Ngoma zikae ndani, mama. Hema haliingizi maji."

Haliingizi maji. Nilimtazama nikajisemea, huyu mtoto anadhani umande ni maji ya bomba. Lakini siku hiyo tulitii.

Jumamosi asubuhi ngoma zetu zililia kama debe lenye unga. Niliimba mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, na nyuma yangu hakukuwa na kitu. Wageni walipiga makofi ya adabu, yale ya kumsaidia mtu ashuke jukwaani. Baada yetu walipanda watu wa Matai na mzee wao Zenon, mtu wa miaka sabini na zaidi. Ngoma yake ilipopigwa mara ya kwanza, watu waliokuwa kwenye foleni ya chai waligeuka wote.

Siri yake haikuwa siri. Usiku kucha mzee yule alikuwa ameketi kwenye moto wa pamoja, blanketi mabegani, ngoma tatu mbele yake, akizigeuza mojamoja kama anachoma mahindi.

"Dada," Modesti aliniambia, "na sisi leo tufanye vile. Mimi nitakesha."

"Ukae usiku kucha kwenye upepo na kifua chako hicho? Mimi nimekuja kushindana, sikuja kuota moto na wazee wa Matai."

Mtu akinishauri jambo la busara mbele za watu, mimi hulikataa kwanza na kulifikiria baadaye. Ningekuwa nimelifikiria, Modesti angekuwa hai.

Mchana mzee Zenon alikuja kwenye hema letu. Alimwomba Modesti ngoma kubwa, akaigonga kwa vidole, akainamisha sikio. Kisha akatoa mfukoni donge la nta ya nyuki, akalikanda kwenye viganja mpaka likalainika, akalibandika katikati ya ngozi. Wapiga ngoma wote wanaijua nta; inaituliza sauti isitetemeke. Lakini kwa kawaida kila mtu hutumia ya kwake.

"Baba mdogo," Kornel alinong'ona, "unapokea nta ya mshindani?"

Mzee alisikia, akacheka. "Kijana, mimi nataka kumshinda mtu mwenye ngoma. Kumshinda mwenye debe si ushindi."

Modesti alimshukuru kwa mikono miwili. Alipoipiga ngoma, sauti ilikuwa imepona nusu. Hiyo nusu nyingine ilihitaji moto.

Jioni nilimfuata Naima kwenye meza yake ya usajili.

"Mama, nilishasema. Hema ni nailoni, limezibwa chini mpaka juu. Mkaa ndani hapana."

"Wewe mwanangu umezaliwa juu ya sakafu ya saruji. Mimi nimezaliwa jikoni, pembeni ya mafiga. Nimelala na moto miaka hamsini na mbili na bado niko hapa nakupigia kelele."

"Jikoni kwenu kuna paa la nyasi, mama. Moshi unapita."

"Mkaa una moshi gani? Ungekuwa ni kuni ningekuelewa. Mkaa ukishashika hauna moshi hata wa kumtoa mtu machozi!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu, na niliyaamini. Kwetu tunapikia kuni na magunzi, na tangu utoto tunajua kwamba kinachoua ni moshi. Mkaa tuliuona kitu safi, cha watu wa mjini.

Watu walianza kusogea. Nikapandisha sauti, nikasema waandaaji wanawapendelea watu wa Matai kwa sababu tamasha liko kwao, nikasema sisi wa Msanzi tumeletwa kuwa wasindikizaji. Naima aliangalia kulia na kushoto. Alikuwa amechoka, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Basi mama, yaishe. Lakini mlango uachwe wazi, hata nusu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kornel alipuliza mkaa nje mpaka ukawa mwekundu wote. Mimi nikalibeba jiko kwa kitambaa, nikaliweka juu ya tofali katikati ya hema dogo, na ngoma nikazipanga kulizunguka, nyuso zikitazama moto. Modesti akatandika mkeka wake pembeni.

"Kornel, unalala hapa na baba yako mdogo. Uangalie mlango usifungwe wote."

"Sawa shangazi."

Nilikwenda kusali rozari na wenzangu. Tulipomaliza nikasikia kicheko cha Kornel kutoka upande wa muziki wa vijana. Nikatoka kwenda kuchungulia. Modesti alikuwa peke yake, amejikunja, anakohoa. Upepo uliingia kwa mlango, ukawa unaupuliza mkaa na kuufanya uishe upesi.

"Baridi, dada."

"Jifunike kichwa. Kesho tunawapiga."

"Lala, dada," alisema, na nadhani alikuwa anatabasamu.

Nikaivuta zipu ya mlango mpaka chini. Nilikuwa nje, nikaivuta kwa mkono wangu huu wa kulia. Ilishuka bila kukwama.

Jumapili asubuhi nilimpelekea uji. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni. Nitasema na hili, kwa sababu sina tena cha kuficha: kitu cha kwanza nilichogusa mle ndani ni ngoma. Niliigonga ile kubwa kwa kidole, ikaitikia vizuri sana, sauti imekaza, na nikafurahi.

"Modesti, amka usikie!"

Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri kama ya mtu aliyetoka shambani. Nilimshika mguu, nikamshika mkono, nikamgeuza. Uji ulimwagika juu ya mkeka.

Mikono yangu ilielewa kabla yangu. Kabla sijapiga kelele, kabla sijamwita Mungu, nililichukua lile jiko na tofali lake, nikatoka kwa nyuma. Majivu nikayamwaga kwenye jalala la moto wa pamoja, jiko nikaliweka katikati ya majiko ya wapishi. Hakuna aliyeniona. Nikarudi nikapiga magoti, ndipo nikalia. Kilio changu kilikuwa cha kweli, na mpaka leo hilo linanitisha kuliko jiko lenyewe.

Kornel alikuwa wa kwanza kufika, amevaa shati la jana, anatoka kusikojulikana. Alimtazama baba yake mdogo. Akatazama katikati ya hema. Akanitazama mimi, nami nikatazama chini.

Naima alikuja mbio. Aliniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, lile jiko?"

"Tulilitoa jana, kabla hajalala."

Nilimwona anashusha pumzi. Mahema yalikuwa ya baba yake. Alitaka kuniamini, akaniamini.

Daktari aliyeupokea mwili hospitalini aliniuliza mbele ya Mary, mke wa Modesti, ambaye alikuwa ameletwa kutoka nyumbani: ndani ya hema kulikuwa na moto wowote? Nikasema hapana. Polisi waliuliza, nikajibu hivyo hivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, lakini ilitosha kumzikia ndugu yangu. Tamasha lilifungwa bila mshindi, na Jumatatu tukamzika Modesti pembeni ya kaka yetu.

Maneno yalianza siku hiyo hiyo makaburini. Mtu mzima mwenye afya hafi usingizini hivi hivi. Nani aliishika ngoma yake? Nani aliibandika kitu? Kornel aliibandua ile nta kwenye ngozi kwa kisu, akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akawa anaitembeza kutoka kikao kimoja cha wanaume mpaka kingine. Wapiga ngoma walijua ni nta tu. Wengine wanayo nyumbani kwao, kwenye kopo la chumvi. Lakini hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kusema hivyo. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja.

Nami nilinyamaza siku tatu. Kila neno lililokwenda kwa mzee Zenon lilikuwa linaniacha mimi. Nilikaa msibani na kanga kichwani, nikanywa chai ya msiba, nikaacha waseme.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe. Msiba wa mpiga ngoma huhudhuriwa na wapiga ngoma, na kwa mtu wa umri wake hilo si jambo la kuulizana. Alikuja na kina mama wawili wa kikundi chake, mmoja amebeba beseni la unga kichwani. Walisimama penye kuingilia uani. Hakuna aliyelipokea beseni, na yule mama, baada ya kungoja mpaka shingo ikamchoka, akaliweka chini.

"Mzee," Kornel alisema, "umekuja kukagua kazi yako?"

"Nimekuja kulia pamoja nanyi, mwanangu."

Wanaume walisimama. Mmoja alimsukuma mzee kifuani, akayumba. Fimbo yake ikaanguka. Nikawaona vijana wawili wanazunguka kwa nyuma, na nikajua kitakachofuata kama ninavyojua njia ya kisimani.

"Mwacheni!" nilipiga kelele. "Modesti ameuawa na jiko la mkaa. Nililiingiza mimi. Zipu nilifunga mimi. Asubuhi nikalitoa mimi, nikalificha."

Mary aliinua uso kutoka kwenye mkeka, macho yamevimba.

"Wifi, ulimwambia daktari hapakuwa na moto. Nilikuwepo."

"Nilidanganya."

"Udanganye kuhusu ndugu yako wa tumbo moja? Kwa nini?"

"Kwa sababu nimemuua mimi, Mary!"

"Hapakuwa na jiko," Kornel alisema. Hakunitazama. "Mimi niliingia wa pili baada ya shangazi. Hapakuwa na jiko."

"Kornel! Mkaa uliupuliza wewe!"

"Niliupuliza nje. Sikulala mle, lakini najua ulitolewa. Tumuulize aliyekuwa msimamizi." Akatoa simu, akampigia Naima, akaongeza sauti ili watu wote wasikie. Naima alitoa pole, kisha akasema kile alichokuwa nacho: "Mama Albina mwenyewe aliniambia walilitoa jana yake."

Nikaanza kupaza sauti ili Naima anisikie, lakini Kornel alikuwa ameshakata simu. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema polepole, kwa huruma kabisa, "Jamani, amefungwa kwa dawa. Hata ulimi si wake tena." Wakanishika wawili, wakanikalisha, wakanipa maji. Katika vurugu hiyo mzee Zenon na kina mama wake wakapata kuondoka. Beseni la unga lilibaki pale pale, na kuku wakalimaliza.

Siku mbili baadaye nilisikia kwamba Jumamosi vijana watakwenda Matai. Hakuna aliyesema wanakwenda kufanya nini. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesafiri. Nilipopiga simu polisi, nikaulizwa jina, nikaulizwa kama mimi si yule mama aliyetoa maelezo kuhusu kifo kile, nikaambiwa wanakuja. Nikaona nikingoja wengine nitazika mtu wa pili. Watu hawaamini mdomo wangu, nikawaza, basi wataamini macho yao.

Jumamosi asubuhi nilimwita Mary na majirani. Nilisafisha ghala langu dogo la matofali, lisilo na dirisha. Mbele yao nikaliingiza jiko lenye mkaa uliokwisha kushika, usio na moshi, nikachukua kuku mmoja uani, mzima, mkali, aliyenidonoa kidole mbele yao wote, nikamweka ndani ya tenga. Nikafunga mlango, nikaziba chini kwa matambara. Tukakaa nje tukipukuchua maharage. Kuku alilia kidogo, kisha akaacha.

Nilipofungua, niliacha joto litoke kwanza, nikalitoa tenga, nikamshika kuku miguu nikamwinua. Shingo ilining'inia. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kitu kilichokufa, lakini siku hiyo nilifurahi.

"Mmeona? Hakuna jeraha, hakuna mtu aliyemshika. Mkaa! Modesti alikufa hivi hivi!"

Mary alimtazama kuku kwa muda mrefu.

"Wifi," alisema, "huyu si ndiye aliyekula unga wa Zenon?"

Beseni zima la maharage lilimwagika mama mmoja aliposimama ghafla. Ndiye, walisema. Tulimwona. Ndiye huyu mwenye mkia mwekundu. Siku tatu tu, naye kafa. Nilipaza sauti, nikaonyesha jiko, nikaonyesha mlango, nikasema chukueni kuku mwingine ambaye hajagusa unga. Wakanijibu kwamba kuku wote wa uani waliula. Mmoja aliniwekea mkono begani na kuniambia nipumzike. Kornel alifika, akasimuliwa habari, akamchukua yule kuku mkononi mwangu na kutoka naye barabarani. Dakika chache baadaye nikasikia pikipiki zinawashwa, na sauti za watu ambao asubuhi walikuwa hawajaamua.

Nilimsimamisha mwenye bodaboda asiye wa kwetu, nikamwambia Matai, akimbie. Kornel na wenzake walipitia kwanza dukani kununua petroli, na hicho ndicho kilichonipa nafasi.

Nilimkuta mzee Zenon uani kwake, anawamba ngozi mpya. Mke wake alikuwa akipepeta ulezi. Sikumaliza hata salamu. Nilimwambia yote, jiko, zipu, jalala, daktari, kuku. Alisikiliza ameshika kamba ya ngozi kwa meno, kisha akaitoa mdomoni.

"Mlango wote uliufunga?"

"Wote."

"Mkaa hauna moshi," alisema. "Ndiyo ubaya wake. Mtu hapati hata nafasi ya kukohoa."

Alikuwa mtu wa kwanza kuniamini, na hakuhitaji kuku. Nilitaka kuanguka miguuni pake.

"Kwa nini hukusema siku ile ile?" aliuliza.

Mimi Albina, nisiyekosa neno, sikuwa na neno. Alinisubiri kidogo, akaona hakuna kinachokuja, akamwambia mke wake achukue blanketi. Walipanda wote wawili ile bodaboda iliyonileta, waende kwa binti yao anayekaa Malangali, Sumbawanga mjini. Mke wake alikuwa analia kwa ajili ya ulezi wake. Yeye aligeuka mara moja.

"Sikusamehe, mwanangu. Usije ukawaambia watu nimekusamehe."

"Sitasema, mzee."

Walipotoweka niliketi mlangoni kwake, juu ya kigoda chake. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi, na ndani mlikuwa na ngoma zake zote. Niliazimia sitatoka. Nilijiambia wanichome nayo au wanisikilize. Nilisali. Jua lilikuwa bado juu nilipoziona pikipiki nne zinakuja kwa njia ya mikaratusi, kila moja na watu watatu.

Walishuka, wakaniona, wakasita. Mimi ni shangazi wa mmoja na nimekuwa mkunga wa mama wa mwingine. Kornel aliwaambia wangoje. Alikuja peke yake na dumu la petroli, akachuchumaa mbele yangu karibu kabisa, wengine wasisikie.

"Shangazi, toka."

"Mzee hayupo. Amekwenda."

"Sawa. Toka."

"Kornel, unajua kwamba ni jiko."

Alikuwa amekonda katika siku zile chache, shingo imekuwa ya mtoto.

"Najua," alisema. "Toka Jumapili najua. Niliona alama ya tofali. Uliniambia nilale naye, uliniambia niangalie mlango. Ikiwa ni jiko, shangazi, basi ni mimi."

"Ni mimi. Zipu nilifunga mimi."

"Basi ni sisi. Wewe utarudi Msanzi na hilo? Utakula na Mary sahani moja? Mimi siwezi. Siwezi, shangazi."

Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya dumu, na kwa sababu alikuwa amewapa wenzake mgongo, niliyaona mimi tu. Nilimwelewa. Hakuna mtu duniani ambaye ningemwelewa vizuri kuliko yeye siku ile. Alinishika mkono kwa adabu, kama alivyokuwa akinishika tukivuka mto kwenda shambani, akaniinua.

Natamani niseme kwamba nilikataa. Niliinuka. Nilikuwa nimechoka, naye alikuwa mtoto wa kaka yangu, na nyumba haikuwa yangu.